Kuwaka Si Kupona: Tahadhari kwa Anayefungua Maikrowevu Nyumbani

Kama maikrowevu iliyo jikoni kwako ilikufa, ikafunguliwa na ndugu, jirani au fundi wa mtaani, ikawekewa kipuri kimoja au viwili na sasa inawaka, ichomoe kwenye soketi kwanza, halafu endelea kusoma. Sina nia ya kumtisha mtu. Nafanya kazi ya kutengeneza vifaa vya umeme vya nyumbani, na ninachokikuta ndani ya mashine zinazoletwa siku hizi kimenifanya niandike kabla mtu hajaumia.

Hivi ninavyoandika, mezani kwangu ipo maikrowevu ya mama mmoja wa Tabata, ile ya kuzungusha kitasa cha dakika. Aliileta kwa sababu sahani imeacha kuzunguka. Hakuwa na malalamiko mengine. Alisema iliwahi kuzima kabisa, mwanawe akaitengeneza, ikapona. Nilipotoa kava nikakuta fyuzi ya kauri imeviringishwa uzi wa shaba, kama ule unaotolewa ndani ya waya wa ekstensheni. Nikateremka hadi ubavuni mwa mlango, zinapokaa swichi tatu ndogo. Mbili zilikuwa zimechomolewa nyaya zake, ncha zikasokotwa pamoja na kuzungushiwa utepe mweusi. Ya tatu haikuwepo. Pamebaki tundu la skurubu. Kwa jinsi nyaya zilivyounganishwa, ukizungusha kitasa mlango ukiwa wazi, mashine inaanza kazi.

Nikamuuliza mama nani anaitumia zaidi. Akanijibu ni mjukuu wake, akirudi shule hupasha wali. Nikauliza inawekwa wapi. Juu ya kabati fupi, usawa wa uso wa mtoto.

Simlaumu kijana yule, maana nikifuata nyayo zake naona kila hatua ilikuwa na sababu. Fyuzi iliungua, akanunua nyingine. Nayo ikaungua papo hapo mama alipofungua mlango chakula hakijamaliza muda wake. Akaona fyuzi za dukani ni dhaifu, akaweka shaba. Safari hii ikaruka sakiti breka ya nyumba nzima. Akatafuta shoti inatoka wapi, akaifuata mpaka kwenye ile swichi ya tatu, akaitoa. Breka ikatulia. Baadaye moja ya swichi zilizobaki ikawa inashika na kuachia, akazisokota zote mbili. Mashine ikawaka, wali ukapata moto, mama akafurahi. Kijana aliona anaondoa ubovu mmoja baada ya mwingine. Kumbe alikuwa anamwondoa mlinzi mmoja baada ya mwingine.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo, na naomba anayeuza vipuri naye asikilize. Swichi za mlango hazikuwekwa ili kuwasha taa. Mbili kati yake hukata umeme mlango unapofunguka, ili mawimbi yazimike kabla hata upenyo haujaonekana. Ya tatu ni mlinzi wa hizo mbili. Ikitokea swichi kuu imeganda, yaani vibati vyake vya ndani vimeshikana kwa joto na haikati tena, mlinzi huyu hupiga shoti makusudi mlango unapofunguliwa, ili fyuzi iungue na mashine ife. Kwa hiyo fyuzi ya maikrowevu inayoungua unapofungua mlango haijafeli. Imefanya kazi iliyowekewa. Inakwambia swichi kuu imeganda na kwamba, kama si yeye, ungepigwa na mawimbi. Kuweka fyuzi kubwa zaidi, au shaba, au ile karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara ambayo nayo nimeikuta, ni kumziba mdomo anayepiga kelele za moto.

Upo mtego mwingine hapohapo, na huu huwanasa hata mafundi. Swichi hizi hufanana sana kwa umbo, lakini zipo zinazofunga njia ya umeme zikibonyezwa, na zipo zinazofungua njia zikibonyezwa. Mlinzi ni wa aina hii ya pili. Ukienda Kariakoo, au Luthuli Avenue kule Nairobi, ukaonyesha swichi iliyoungua bila kusoma alama zilizo ubavuni mwake, unaweza kupewa ya aina ya kwanza. Ukiifunga mahali pa mlinzi, kila ukianza kupasha chakula mlango ukiwa umefungwa, fyuzi inaungua. Utaamini swichi mpya ni mbovu, utaitoa, mashine itawaka vizuri, na utakuwa umefika palepale alipofika kijana wa Tabata, tena kwa hela yako. Soma herufi na namba za kipuri cha zamani, linganisha vituo vyake vya waya, na ukibadilisha mlinzi aliyepiga shoti badilisha na swichi kuu pia, kwa sababu umeme mwingi uliopita pale kwa nukta moja umeshaziunguza zote mbili.

Watu wengi huniuliza kama chakula cha maikrowevu kina sumu au mionzi inayobaki tumboni. Hakina. Mawimbi haya, ya megahezi 2,450, hupasha maji yaliyomo kwenye chakula na hayaachi kitu nyuma. Mashine ikizima, yamekwisha. Nyama ya mwili wako nayo ina maji. Mawimbi hupenya chini ya ngozi, na kwa kuwa sehemu kubwa ya hisia zetu za joto ipo juujuu, mtu anaweza kuungua ndani kabla hajashtuka. Jicho ndilo linaloniogopesha zaidi: lenzi yake haina mishipa ya damu ya kuondoa joto, na ikipata moto inaweza kuingia ukungu, yaani mtoto wa jicho. Kiwango kinachoruhusiwa kuvuja kwenye mashine nzima ni miliwati 5 kwa kila sentimita ya mraba, ikipimwa sentimita 5 kutoka kwenye mlango, na hupungua haraka ukisogea nyuma. Kwa hiyo usihangaike na mashine ambayo mlango wake unafunga sawasawa. Lakini mlango ukiwa wazi na mashine ikaendelea, hatuzungumzii miliwati tena. Ni wati 700, 800 au hata 1,000, zimeelekezwa kwa aliyesimama mbele.

Hayo ni ya anayeitumia. Sasa ya anayeifungua.

Ninayo bisibisi moja ya zamani ambayo siitumii kwa kazi yoyote. Ncha yake ina shimo, kama imeng'atwa na panya wa chuma. Nilikuwa bado mwanafunzi wa fundi mmoja, sasa ni marehemu. Maikrowevu ilikuwa imechomolewa, imekaa juu ya meza, nami nilishaanza kunyoosha mkono ndani nitoe waya. Akanishika kifundo cha mkono bila kusema neno. Akachukua bisibisi yenye mpini mnene, akaigusisha kwenye vichwa viwili vya kile kikopo cha bati kilicholala chini ya feni. Ulitoka mlio kama wa fataki na mwanga wa buluu, na kipande cha ncha kikayeyuka. Mashine haikuwa na umeme. Plagi ilikuwa inaning'inia, naiona kwa macho yangu.

Kikopo kile ni kapasita. Kazi yake ni kuhifadhi umeme na kuusukuma kwenye magnetroni, kile kifaa kinachotoa mawimbi, na hakijali kama plagi ipo au haipo. Transfoma ya maikrowevu huchukua volti 230 za ukutani na kuzipandisha hadi karibu 2,000. Kapasita pamoja na dayodi huzipandisha tena, hata kufika karibu 4,000. Ndani ya kapasita nyingi kuna kikinzani kidogo cha kuumwaga umeme huo polepole baada ya kuzima. Kikiwa kizima, dakika chache zinatosha. Kikikatika, huwezi kukijua kwa kukitazama, na umeme unabaki ukimngoja atakayegusa. Ndiyo maana yule anayesema "nimeshaichomoa, haina shida" ananitia baridi. Redio ukiichomoa imelala. Hii ukiichomoa inaweza kuwa macho bado. Na ile njia ya bisibisi siku hizi tumeiacha: huharibu kapasita na hurusha chuma cha moto usoni. Fundi hutumia kifaa chenye kikinzani na mshiko wa volti kubwa, kisha anahakikisha. Kama hujui ninachokisema hapa, basi kava lile lisitoke.

Mashine ikiwa kwenye umeme, kava limetolewa, hali ni mbaya kuliko ya kapasita. Transfoma ile ina nguvu ya kuua mtu mzima kwa mguso mmoja, na kile kikata umeme cha kuokoa watu ambacho wengine hukiita RCD hakitaruka. Hakitaruka kwa sababu umeme unaokuua unatoka upande wa pili wa transfoma na kurudi palepale kupitia bodi ya mashine. Kule ukutani hesabu ya umeme unaoingia na kutoka inabaki sawa. Mita ya kawaida nayo si msaada. Nyingi zimeandikwa mwisho volti 600 au 1,000. Ukizigusisha kwenye volti 4,000, umeme unaruka ndani ya mita na kukufuata mkononi. Hakuna fundi mwenye akili timamu anayepima volti za magnetroni ili aridhike. Anapima vipuri mashine ikiwa imelala, kapasita ikiwa imemwagwa. Na ajue kwamba dayodi ya volti kubwa, ikipimwa kwa mita ndogo, huonekana imekatika pande zote hata kama ni nzima. Wengi hununua dayodi nyingine bure kwa kutolijua hilo, kisha wanaendelea kufukua mashine wakitafuta ubovu usiokuwepo.

Waya wa ethi usichezewe. Upande mmoja wa umeme ule mkubwa umefungwa kwenye bodi ya bati kwa kikonyo na skurubu. Skurubu ikilegea, au fundi akisahau kuirudisha, bodi yenyewe inaweza kubeba umeme, na kinachosimama kati yako na kifo ni ule waya wa kijani na njano unaokwenda kwenye pini ndefu ya plagi. Nyumba nyingi zetu za kupanga zina soketi za pini tatu, lakini nyuma ya tundu la juu hakuna kitu. Wengine hutumbukiza kalamu kwenye tundu lile ili waingize plagi ya pini mbili. Kwa pasi hilo ni kosa. Kwa maikrowevu ni kosa lisilorekebishika.

Magnetroni nayo inauzwa sana ikiwa imetumika, imenyofolewa kwenye mashine za mtumba. Kifaa hiki kilikuzwa kwa ajili ya rada za Vita vya Pili vya Dunia. Mpaka mwaka 1945 ndipo Percy Spencer, mhandisi wa kampuni ya Raytheon kule Marekani, alipogundua kuwa kinayeyusha chokoleti mfukoni. Shingoni mwake kuna pete ya nyuzi za chuma zilizosukwa, laini kama stilwaya. Pete hiyo huziba upenyo kati ya magnetroni na bati. Nimeona magnetroni za kubadilisha zimefungwa bila pete, kwa sababu muuzaji hakuitoa na mnunuzi hakujua iwepo. Matokeo yake ni cheche, bati kutoboka, na mawimbi kuvuja ndani ya kasha hadi kwenye nyaya. Na kauri iliyomo kwenye baadhi ya magnetroni ina beriliamu oksidi. Ikiwa nzima haina neno. Ikivunjwa au kusagwa, vumbi lake likivutwa huharibu mapafu kwa ugonjwa usioondoka. Watoto wanaovunja magnetroni ili wapate sumaku zile mbili za duara, na wanaonunua chuma chakavu wanaozigonga kwa nyundo ili watoe shaba, waambiwe leo.

Vijana wa vyuo vya ufundi vya VETA na wanaojifunzia kwenye simu, nina neno na ninyi. Zimezagaa video za kutoa transfoma ya maikrowevu na kuigeuza mashine ya kuchomelea, au ya kuchora mizizi ya moto kwenye mbao. Ile ya mbao imeua watu kadhaa Marekani, wakiwemo waliokuwa na uzoefu, mpaka chama cha wachonga mbao cha huko kikaipiga marufuku kwenye shughuli zake zote. Video hukuonyesha aliyemaliza salama. Aliyekufa hakupakia.

Na mashine zinazoletwa na ndugu kutoka Marekani, za volti 120? Stepdauni itashusha volti, lakini haitabadilisha umeme wetu wa hezi 50 kuwa 60. Transfoma yake itaungua taratibu, na mwenye nayo atazidi kununua fyuzi. Ni afadhali asiletewe.

Yapo unayoweza kubadilisha mwenyewe, mashine ikiwa imechomolewa na kava likiwa halijaguswa: sahani ya kioo, kile kigurudumu cha chini yake, na karatasi ya maika, ile ya rangi ya kahawia iliyobandikwa ukutani mwa ndani. Maika ikilowa mafuta huanza kutoa cheche, na wengi hudhani mashine nzima imekufa. Huuzwa karatasi kubwa, unaikata kwa mkasi kwa umbo la ile ya zamani, unairudisha. Usipashe bila hiyo, na usiweke boksi au foili badala yake. Mlango ukipinda, bawaba ikilegea, au kioo kikipasuka hadi wavu wa chuma wa ndani, hapo hakuna kubandika gundi.

Mashine ikirudi kutoka kwa fundi, mwambie akuonyeshe vipuri alivyotoa. Muulize swichi za mlango ni ngapi na kama zote zimeunganishwa. Fundi mwaminifu hachukii swali hilo. Mimi hufurahi nikiulizwa. Nyumbani, ukifungua mlango katikati ya kupasha, ule mvumo mzito lazima ukatike palepale. Feni au taa inaweza kuendelea kwenye baadhi ya mashine, hilo ni kawaida. Mvumo ukiendelea, usisimame kuchungulia: zima kwenye soketi. Na usipime uvujaji kwa kufungia simu ndani na kuipigia, kama wengi wanavyofanya. Simu kuita au kutoita hakukwambii chochote kuhusu mlango.

Ikitokea mtu amepigwa shoti na ameganda kwenye mashine, usimvute kwa mkono. Zima meni swichi. Kama amezimia na hapumui, mlaze chali, weka viganja katikati ya kifua, bonyeza kwa nguvu na kwa haraka, kama mara mia na zaidi kwa dakika, huku mwingine akipiga 112 au akitafuta gari. Hata aliyeinuka mwenyewe na kusema yuko sawa apelekwe hospitali siku hiyohiyo moyo wake upimwe.

Maikrowevu ya Tabata bado iko mezani. Nimeshanunua swichi tatu, nimelinganisha namba zake moja moja, na fyuzi ya kauri ya ukubwa wake. Mota ya sahani itachukua dakika kumi. Lakini sijagusa kitu ndani. Nimemwomba mama aje Jumamosi na mwanawe, aione kazi yake kama alivyoiacha, kisha tuifungue ile shaba pamoja.